Ukiangukiwa na mamilioni ya dola hapa Lubumbashi, utaanza na nini?

#1 Mwana Katuba

Ba ndugu, hodi. Nimeleta swali ambalo kwetu nyumbani limezua ubishi wa siku tatu, na mama yangu amekataa kulijibu mpaka leo. Ukishinda bahati nasibu, ile kubwa kabisa ya kuitwa jakpoti, makuta yote hayo utayafanyia nini? Naomba tujibizane kwa moyo, tusiishie kwenye gari na nyumba ya ghorofa.

Ili tujue tunaongelea ukubwa gani, nawapa mfano. Tarehe 7 Novemba 2022 Powerball ya Marekani ilifika dola bilioni 2.04, na tiketi iliyoshinda ilikuwa moja tu, iliyouzwa Altadena, California. Mshindi, Edwin Castro, angeweza kulipwa mara 30 ndani ya miaka 29. Alichagua kupewa kwa mkupuo, ikawa dola milioni 997.6, na kodi ilikuwa bado haijakatwa. Bilioni mbili za kwenye bango, ukizitaka zote leo, zinakuwa nusu. Hata hivyo, ukiwa na kiasi hicho ukatumia dola 10,000 kila siku ya Mungu, Jumapili ikiwemo, zitakuchukua miaka 273.

Simwambii mtu anunue tiketi. Nafasi ya tiketi moja kugonga jakpoti ya Powerball ni 1 kati ya 292,201,338. Namba kama hiyo haikai kichwani, kwa hiyo nimeigeuza kuwa muda: sekunde milioni 292 ni miaka tisa na miezi mitatu. Nichague sekunde moja ndani ya miaka yote hiyo, nawe uitaje ni ipi, kwa jaribio moja. Mtu anayechukua pesa ya unga akaiweka hapo anawaumiza watoto wake.

Lakini swali lenyewe linanigusa, na sababu ni hii. Sisi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hatuhitaji kwenda Marekani kujua pesa ya mkupuo inafanya nini ndani ya nyumba ya mtu. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliondoka kwa ule mpango wa départs volontaires, yaani kuacha kazi kwa hiari, Benki ya Dunia ikisaidia kulipia. Watu walikuwa wamekaa miezi na miezi bila mshahara. Ghafla mtu anaitwa, anatia saini, anahesabiwa dola. Haikuwa bahati nasibu, ilikuwa jasho la maisha yao. Ila pesa ikishafika mezani haisemi imetoka wapi.

Papa, baba yangu mzazi, alikuwa mmoja wao. Nilikuwa na miaka 13. Alirudi jioni, bahasha ndani ya shati, na usiku ule tulikula bukari (ugali wetu) kwa kuku wawili, jambo ambalo kwetu lilikuwa halijatokea tangu ndoa ya shangazi. Wiki haijaisha, tulikuwa tunalala watu kumi na wanne kwenye vyumba vitatu. Wengine sikuwahi kuwaona. Kila mmoja alikuwa na neno lake la kumwambia papa, na kila mmoja alimwambia pembeni, chini ya mwembe, kwa sauti ndogo. Papa hakuwa mtu wa kusema hapana. Alinunua Hiace ya mkono wa pili ifanye teksi, akampa mpwa wake aendeshe. Msimu wa mvua wa pili ulipoanza, ile gari ilikuwa imesimama juu ya matofali uani, kuku wanataga ndani. Mwaka 2005 tuliuza parseli, yaani kiwanja chetu na nyumba yake.

Kwa hiyo mpango wangu, nikishinda, unaanza na kunyamaza. Mwaka mzima. Sinunui kitu, simwambii mtu, naenda kazini kama kawaida (mimi natunza vitabu vya hesabu kwenye depo ya simenti). Pesa inakaa, mimi nafikiri. Nyinyi je?

#2 Fundi wa Kamalondo

Mimi sina maneno mengi. Nakaa karibu na uwanja wa Mazembe. Mwaka 2010 niliona mji mzima unalia kwa furaha timu yetu ilipofika fainali ya klabu za dunia, wa kwanza kutoka Afrika kufika pale. Tulifungwa na Inter tatu bila, na bado hakuna aliyelala. Nikishinda nafungua shule ya mpira ya watoto, asubuhi darasa, mchana uwanjani, na chakula cha mchana kwa kila mtoto. Nimemaliza.

#3 Mama wa Soko la Kenya

Mwana Katuba, pole kwa parseli ya wazazi. Lakini hapo kwenye kunyamaza nakukatalia kabisa, na nakukatalia kama mama.

Utanyamazaje mwaka mzima mbele ya mke wako? Utakula naye, utalala naye, mtoto ataugua mtaanza kuhangaika kutafuta pesa ya dawa, na wewe unajua kuna milioni zimekaa mahali? Siku atakapojua, na atajua, hatakuuliza pesa ziko wapi. Atakuuliza ulimwonaje siku zote hizo.

Nikwambie ninachokijua. Sokoni, hapa Kenya, mtaa wa Lubumbashi, tuko wanawake kumi kwenye likelemba. Kila wiki tunachanga, na kila wiki mmoja anachukua zote. Ukiangalia vizuri, ile ni jakpoti ndogo: leo huna kitu, kesho una pesa ya kununua magunia ya unga kwa mara moja. Nimekaa humo miaka kumi na saba, nimeona nani anapanda na nani anabaki pale pale, na tofauti yao siyo akili wala idadi ya ndugu. Anayepanda ni yule ambaye wiki tatu kabla ya zamu yake tayari amesema mbele ya wenzake: hii ni ya magunia mawili ya unga, hii ni ya shule, hii ni ya mama kijijini. Pesa inafika ina jina. Shemeji akija na shida yake anaambiwa ukweli, kwamba hiyo imeshapewa mtu. Anayekaa kimya akisubiri zamu yake ifike ndiyo aanze kufikiri, huyo pesa inamkuta mikono mitupu, na mtu wa kwanza kubisha hodi ndiye anaipa jina.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe daftari ndiyo kazi yako, unalijua kuliko mimi. Basi andika kabla. Usifiche baada.

Papa yako shida yake haikuwa kwamba watu walijua. Mtaa mzima ulijua siku ile nani amelipwa, ingewezekanaje isijulikane? Shida yake ni kwamba hakuwahi kukaa na mama yako wakaandika.

#4 Mwana Katuba

Mama, nimekusoma mara mbili. Hapo kwa mke umenishinda, naondoa neno langu. Mke atajua siku ile ile. Kwa wengine bado nabisha. Huko Uingereza mshindi wa bahati nasibu ya taifa ana haki ya kukataa jina lake lisitangazwe, na wengi wanakataa. Hawana wazimu.

#5 Mwalimu Mstaafu

Vijana, mnasema pesa «inakaa» mwaka mzima. Inakaa wapi? Inakaa kama nini?

Niliajiriwa zaire ikiwa bado pesa ya heshima. Ilipozaliwa mwaka 1967, zaire moja ilikuwa dola mbili za Marekani. Aliyekuwa na zaire 1,000 siku ile alikuwa na dola 2,000. Mlioanza kuhesabu baadaye mnatumia neno makuta kwa pesa yoyote, lakini makuta zilikuwa senti za zaire, mia moja zinafanya moja, na kwa makuta mtu alinunua vitu.

Basi fuateni. Oktoba 1993 ikaletwa zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani. Sisi tulikuwa tumeshashika noti za milioni tano. Kule Kasai waliikataa pesa mpya, wakaendelea na za zamani, na mtu akisafiri kwenda Mbuji-Mayi ilibidi abadilishe kama anavuka mpaka. Tarehe 30 Juni 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Mhasibu, zidisha: zaire bilioni 300 za zamani zikawa faranga moja. Na leo dola moja inataka faranga zaidi ya elfu mbili.

Niliwafundisha watoto hesabu hiyo ubaoni na nikaona aibu, kwa sababu baba zao wengi walikuwa wameweka akiba kwa uaminifu. Hawakula ovyo, hawakunywa. Waliweka. Aliyenunua bati na matofali mwaka 1988 alikuwa na nyumba mwaka 1998. Aliyeweka noti alikuwa na karatasi.

Kisha kuna waliotaka zizae haraka. Mwaka 1991 Kinshasa kulikuwa na Bindo, watu wanapeleka pesa wanaahidiwa kurudishiwa mara nyingi zaidi, na wa kwanza walilipwa kweli kwa pesa za waliofuata. Ilipoanguka, watu waliuza mpaka vitanda. Mshindi wa bahati nasibu ataletewa Bindo nyingi, kila moja na jina jipya na kijana aliyevaa vizuri.

Mimi jibu langu: ningenunua ardhi ya kulima, na ningefuata karatasi mpaka mwisho. Kwa sheria ya 1973 ardhi ya nchi hii ni mali ya serikali, sisi raia tunapewa haki ya kudumu juu yake, na haki hiyo inasimama kwenye sertifika. Bila sertifika umenunua maneno ya muuzaji. Halafu mahindi. Mji huu unakula bukari mara mbili kwa siku, na bado mahindi na unga mwingi unaingia kwa malori kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Mpaka ukifungwa siku chache, bei ya unga inaruka. Mtu mwenye milioni mia moja akilima sawasawa nje ya mji huu, akasaga hapa hapa, atakuwa amewapa wajukuu wake kazi na atakuwa ametupa sisi usingizi.

#6 Kijana wa Ruashi

Miye niko na maswali mbili. Ya kwanza: nilisoma kama asilimia 70 ya watu wanashinda loteri banafilisika nyuma ya myaka kidogo. Sasa faida yake nini? Ya pili: kuko mutu alinitumia mesaji kwa WhatsApp, anasema namba yangu ya simu imeshinda dola 50,000, lakini nitume kwanza falanga ya kufungua dosye. Yaya, mukubwa wangu, banasema nitume, eti ni kidogo.

#7 Mwana Katuba

Ndugu yangu, nakuomba usitume hata faranga moja! Bahati nasibu ambayo hukununua tiketi yake huwezi kuishinda. Na bahati nasibu ya kweli haimwombi mshindi atangulize pesa ndipo alipwe. Kama kuna kodi au ada, inakatwa kwenye ushindi wenyewe. Ukituma ya dosye, kesho wataomba ya mwanasheria, kesho kutwa ya benki, na kila mara itakuwa kidogo. Mwonyeshe yaya wako ujumbe huu wangu. Na ule mtu umzuie leo.

Kuhusu asilimia 70, hata mimi niliiamini miaka mingi, kwa sababu ilifanana na nyumbani kwetu. Inazunguka kila mahali ikitajwa kwamba imetoka kwa taasisi moja ya Marekani inayofundisha watu mambo ya pesa, National Endowment for Financial Education. Mwaka 2018 taasisi yenyewe ilisema namba hiyo siyo yao na hakuna utafiti unaoishikilia. Na kuna wachumi waliowauliza washindi wa Sweden, miaka mitano mpaka ishirini na miwili baada ya kushinda. Walioshinda nyingi walikuwa wameridhika na maisha yao kuliko walioshinda kidogo, na bado walikuwa nazo. Kwa hiyo kuanguka siyo sheria.

Wapo walioanguka vibaya, hilo kweli. Jack Whittaker wa West Virginia alishinda dola milioni 314.9 siku ya Noeli 2002. Hakuwa mtu wa kuokotwa, alikuwa na kampuni yake ya ujenzi na pesa yake. Alitoa nyingi kwa makanisa. Mwaka uliofuata aliibiwa dola 545,000 taslimu ndani ya gari lake, na mwaka 2004 mjukuu wake aliyempenda kuliko wote alifariki akiwa na miaka 17. Ni miaka ile ile ya bahasha ya papa. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Yeye alikuwa na mamilioni, papa alikuwa na dola elfu chache, na ule mlango wa kubisha ulikuwa mmoja.

#8 Mchimba Foraji

Nachangia kidogo tu. Kazi yangu ni kuchimba visima. Anayetaka kujua pesa ifanye nini Lubumbashi aamke saa kumi alfajiri aende pembeni mwa mji, kule Annexe, aone watoto na mitungi ya njano. Mji huu tunatembea juu ya shaba, na msichana anachelewa shule kwa sababu ya maji! Nikishinda nachimba foraji, kisima kirefu cha pampu, kila mtaa, na naacha pesa ya kutengeneza pampu. Hili la pili ndilo watu wanasahau. Wafadhili wengi wanachimba, wanapiga picha, pampu inakufa baada ya miaka miwili na hakuna wa kununua hata mpira wake.

#9 Yaya wa Likasi

Nimekuwa nasoma tu tangu uzi uanze, sikutaka kuandika. Lakini Mwana Katuba, kuna kitu kinaniuma katika namna unavyomsimulia papa yako.

Mwaka ule wa 2003 mimi nilikuwa mmoja wa wale «wengine ambao hukuwahi kuwaona». Siyo nyumbani kwenu, nyumbani kwa mjomba wangu, hapa Likasi, aliyelipwa kwa mpango ule ule. Mama alinituma na begi moja. Baba yangu alikuwa amekufa, nilikuwa nimesimama shule darasa la tano sekondari kwa kukosa ada. Nilimwambia mjomba pembeni, kwa sauti ndogo, kama ulivyoandika. Ilikuwa ndogo kwa sababu nilikuwa na aibu.

Alilipa miaka miwili. Leo mimi ni muuguzi, nimesomesha wadogo zangu watatu, na mmoja wao ni fundi wa mitambo Kolwezi. Mjomba hakubaki na kitu. Gari alinunua, likafa, kama la papa yako. Watoto wake, binamu zangu, mpaka leo wanasema pesa ililiwa na ukoo. Wanasema mbele yangu. Mimi nanyamaza kwa sababu ni kweli, mimi niliila.

Alipofariki mwaka 2016 tulikuwa kilioni siku sita, na sanduku, gari la maiti, chakula cha watu, hakuna hata kimoja walicholipa watoto wake. Tulilipa sisi, wa mabegi.

Sisemi hakukosea. Mama wa Soko amesema vizuri, angeandika kabla. Ila wewe ni mhasibu, na hesabu yako ina upande mmoja tu. Umewahi kuuliza wale wageni waliokuwa wanalala kwenu, leo wako wapi?

#10 Mama wa Soko la Kenya

Yaya, Mungu akulinde. Nimeusoma kwa sauti hapa mezani, wenzangu wamenyamaza.

#11 Mwalimu Mstaafu

Binti amesema kitu ambacho miaka thelathini ya ubao haikunifundisha kukisema. Naongeza moja la manufaa. Anayetoa nyingi aandike pia nani atabaki na nini. Sheria ya familia ya 1987 inaweka watoto kwenye kundi la kwanza la warithi, wawe wa ndoa au wa nje waliotambuliwa. Nimeona nyumba tatu mtaani kwangu ambapo ndugu wa marehemu walifika na funguo kabla ya msiba kuisha, na mjane hakuwa na karatasi hata moja mkononi.

#12 Mwana Katuba

Sijaandika tangu juzi. Yaya wa Likasi, swali lako lilinitoa nyumbani.

Nilienda kwa mama na daftari. Nikamwomba anitajie majina ya wale watu wa 2003, mmoja mmoja, na papa alimpa nini. Nilidhani amesahau. Alitaja kumi na mmoja bila kusimama, akipembua maharage. Wawili walikuwa waongo, alijua tangu siku ya kwanza, na alimwambia papa. Mmoja alichukua pesa ya dawa akanywea pombe. Mmoja alifungua kibanda cha kushona Kasenga na bado anashona. Shangazi alizalishwa kwa upasuaji, mtoto yule leo ana miaka 22 na ndiye aliyeniuzia simu ninayoandikia. Wawili walikufa. Wanne waliobaki mama hajui, nimeanza kuwatafuta.

Yule mpwa wa Hiace nimempigia. Hatujaongea miaka kumi na tisa. Anaendesha lori la kwenda Kasumbalesa. Aliniambia gari ilikufa injini kwa sababu ilinunuliwa imeshakufa, na kwamba alimwambia papa siku ya kununua, mbele ya muuzaji, na papa alikuwa na haraka. Kisha akaniuliza mama anaendeleaje, akaanza kulia.

Kwa hiyo mpango wangu wa mwaka wa kimya nimeufuta. Nimeandika mwingine, na jina la mke wangu liko kwenye mstari wa kwanza. Kuna orodha ya watu wenye majina, kuna kiasi cha ada ambacho kinalipwa shuleni moja kwa moja, kuna foraji mbili na pampu zake kwa jirani zangu wa Katuba, kuna mahindi ya Mwalimu. Sina tiketi na sitanunua. Ila nimeona mshahara wangu wa mwezi huu unaweza kuingia kwenye mistari ile ile, ukiondoa foraji.

Nilipotaka kuondoka nilimwuliza mama tena lile swali alilokuwa analikataa. Safari hii alijibu. Alisema angeenda kwa wale walionunua parseli yetu, awaombe bei yoyote watakayotaja, asibishane nao. Nikamwambia mama, pale sasa kuna nyumba nyingine, hakuna kilichobaki.

Akasema mwembe upo. Huwa anapita pale akitoka kanisani.